Mwanga na Nuru: Kutoka Kagondo hadi San Francesco a Ripa

Mwaka 1960 Askofu Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Buhaya, alifanywa kardinali na Papa Yohane XXIII, akapewa kanisa la San Francesco a Ripa, Roma, kuwa kanisa la cheo chake. Hivyo jina la mwana wa Kagera liliunganishwa na mojawapo ya kazi kuu za sanaa ya Baroko.

Katika kikanisa cha Altieri amelazwa Mwenye Heri Ludovica Albertoni, sanamu ya marumaru iliyokamilishwa na Bernini mwaka 1674. Nyuma yake upo mchoro wa rangi wa Gaulli, unaowaonyesha Bikira Maria, Mtoto Yesu na Mtakatifu Ana. Mwanga huingia kwa madirisha yaliyofichwa ubavuni: mtazamaji huona unakoangukia, haoni unakotoka. Ndiyo ishara ya neema, ambayo hujulikana kwa matendo yake.

Kulieleza jambo hili, Kiswahili hakihitaji kubuni istilahi. *Mwanga*, neno la asili ya Kibantu, hutaja kile kiangukacho juu ya marumaru; *nuru*, lililotoka Kiarabu, hubeba maana yake. Mfasiri atumiaye neno moja tu mahali pote humnyima msomaji nusu ya kazi.

Wala hoja hii si ngeni Kagondo. Katika nyumba ya msonge ya Wahaya, aliyeketi ndani gizani aliona mwanga wa mlangoni ukitua juu ya nyasi zilizotandikwa, asilione jua lenyewe. Mwanafunzi wa huko na aanzie hapo, ndipo afike Roma.