Mwanafunzi Asiyepigiwa Kengele

Nimeombwa kusema nanyi jioni hii juu ya maisha ya kila siku ya mwanafunzi wa chuo kikuu, na jinsi anavyozigawa siku zake baina ya vitabu, karamu na michezo. Nitasema habari za Kimandolu, kata iliyo upande wa mashariki wa mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara iendayo Moshi.

Wanafunzi huja Kimandolu kwa ajili ya vyumba vya kupanga. Ukiifuata barabara ile ya Moshi utafika Tengeru, iliko Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 nayo husomesha shahada za juu tu. Ukizidi kwenda mbele utafika Makumira, ambako Walutheri walihamishia chuo chao cha dini mwaka 1954, na sasa ni chuo kikuu chenye masomo ya namna nyingi. Upande wa kusini, huko Njiro, kipo Chuo cha Uhasibu. Mabweni hayawatoshi watu wote, na wengine hata wakipata nafasi hawaitaki. Hao hupanga chumba katikati ya raia, penye migomba na kuku, na chumba hicho wenyewe hukiita "geto".

Yafaa tufahamu kwanza kijana huyu ametoka wapi. Katika shule ya sekondari aghalabu amelala bwenini. Kengele ilimwamsha alfajiri, kengele ilimpeleka darasani, kengele ilimwita kula, na usiku kengele ilimwamuru azime taa. Mwalimu wa zamu alihesabu vichwa. Basi siku aingiapo chuo kikuu kengele ile hunyamaza. Mhadhiri hufundisha saa zake mbili kisha akaenda zake. Karatasi ya mahudhurio pengine hupitishwa, lakini rafiki aweza kumtilia sahihi rafiki yake aliyebaki kitandani, hasa mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Meru inapomfanya mtu alipende blanketi kuliko elimu. Mimi naona kwamba taabu nyingi za mwanafunzi zaanzia hapo, katika ukimya huo, wala si katika ugumu wa masomo.

Tazameni habari ya fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wanafunzi wengi fedha za chakula na malazi. Zamani zilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na mwaka 2022 zikapandishwa kuwa 10,000. Walakini hazitolewi siku kwa siku. Huja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni shilingi 600,000 kwa mara moja. Wanafunzi huliita "bumu", na jina hilo lafaa, maana hulia kwa kishindo kisha likatawanyika. Kijana ambaye hajapata kushika noti ishirini pamoja hujiona tajiri. Juma la kwanza ni nyama choma na viatu vipya. Juma la sita ni uji usio na sukari, na deni kwa mwenye duka. Naye hajaiba wala hajalewa. Hakupata tu mtu wa kumwambia kwamba laki sita ni siku sitini.

Sasa karamu. Watu wa bwenini hualikana wao kwa wao, lakini mpangaji wa Kimandolu ni jirani, na jirani ana haki zake na wajibu wake. Mwenye nyumba akiwa na shughuli, shughuli ni ya nyumba nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi usitoke, ni kipaimara cha mjukuu wangu, nawe utanisaidia kupokea wageni."

"Mama, Jumatatu nina mtihani."

"Kwani siku hiyo hutakula? Njoo ule kwanza, kisha urudi kusoma."

Jibu la mama huyu ni la haki, na kijana angekuwa mtovu wa adabu kulikataa. Lakini kurudi kusoma ni kurudi wapi? Turubai limefungwa mbele ya dirisha lake, na vipaza sauti vimeegemezwa ukutani mwake. Mwenye akili hupokea wageni mpaka saa tisa, hula, huaga kwa heshima, kisha huchukua madaftari yake akaenda maktaba.

Tena kuna michango. Harusi hutanguliwa na vikao vya kila juma, na kadi ya mchango humfikia mwanafunzi kama imfikiavyo mfanya biashara. Ni "msomi", na jina hilo lina gharama yake.

Michezo nayo haikosi. Jioni vijana hujazana katika vibanda vya kutazamia mpira, wanavyoviita "banda umiza". Siku ya Simba na Yanga hakuna asomaye. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, hata ushindani wao una umri kuupita chuo kikuu cho chote cha nchi hii. Maana cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache tu wa sheria. Siwezi kumlaumu kijana kwa mchezo wa saa mbili. Tena huko Makumira muziki wenyewe ni somo la shahada, na mpiga ngoma hutahiniwa kama mwanasheria. Kinachowadhuru wengi ni zile saa tatu za kubishana baada ya mchezo, ambazo hakuna mtu azihesabuye.

Hesabu huja mwisho. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, na 60 na mtihani. Asiyetimiza hurudia mtihani, nao huita "sapu", wenzake wakiwa likizoni kwao. Akizidi kuanguka huondolewa chuoni, na mkopo alioula atadaiwa vile vile. Mzazi aliyeuza ng'ombe huko kijijini hupata habari hiyo kwa simu.

Yupo binti mmoja wa uhasibu, mpangaji katika mtaa wetu. Siku fungu linapoingia hulipa kodi, hununua mchele na maharage ya miezi miwili, kisha hugawa kilichobaki katika bahasha nane, moja kwa kila juma. Tarehe za mitihani yake ameziandika kwa kalamu nyekundu na kuzibandika mlangoni, upande wa nje, mama mwenye nyumba azione. Mwaka jana majirani walipounda kamati ya harusi walimtaka awe mweka hazina. Alikubali, ila aliomba vikao vianze saa kumi na viishe kabla ya saa moja. Wazee walinong'onezana kidogo, kisha wakakubali, na daftari la harusi ile lilifungwa bila upungufu wa shilingi hata moja.