Kununua Motokaa Ndogo Iliyokwisha Tumika



Nimeombwa niseme machache juu ya motokaa ndogo zilizokwisha tumika, kwa kuwa wengi wenu hapa Mamboleo mmeweka akiba miaka mingi ili kununua moja, na akiba hiyo yaweza kupotea kwa siku moja.

Nachukua mfano wa Toyota Vitz, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, ambayo mafundi wa Kisumu waijua sana. Injini yake ndogo ni ya lita 1, na katika magari yaliyotoka baada ya toleo la kwanza ina silinda 3. Iliyo kubwa kidogo ni ya lita 1.3, yenye silinda 4. Watu huuliza, "Ipi iliyo imara?" Zote mbili hudumu zikibadilishiwa oili kwa wakati wake. Afadhali ujiulize utakwenda wapi na gari hilo, na utachukua nini. Mtu aendaye sokoni Kibuye na kurudi, peke yake, lita 1 yamtosha, na petroli ataitumia kidogo. Likitetemeka kidogo likiwa limesimama, asiogope, ndiyo tabia ya silinda 3. Lakini yule apandaye kila siku barabara ya Kakamega, na watu wanne ndani na gunia la mahindi nyuma, na aukumbuke mlima wa Kiboswa. Hapo injini ndogo hukazwa mno, na ile petroli aliyodhani ataiokoa huteketea mlimani. Huyo anunue ya 1.3.

Tena, mengi ya magari haya yana gia za namna iitwayo CVT, zinazotaka oili yake maalumu. Mwenye gari akitia oili yoyote aionayo dukani, gia huharibika, na gharama ya kuweka nyingine ni kubwa mno. Likichelewa kuondoka utiapo gia, au likivuma isivyo kawaida, liache.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonyeshwa gari lililong'arishwa kama kioo. Nilipogusa boneti nikaona ni moto. Muuzaji akasema amelisogeza tu ili lioshwe. Nikarudi kesho yake alfajiri, bila kumwarifu, nikaomba liwashwe. Moshi wa buluu ukafunika uwanja mzima! Oili ilikuwa ikiungua ndani ya injini.

Hesabu ya kilomita nayo msiisadiki upesi, maana yaweza kurudishwa nyuma. Tazameni mpira wa pedali ya breki na kitambaa cha kiti cha dereva: gari lisemwalo limekwenda kidogo haliwi na pedali iliyolika. Ulizeni pia katika daftari la NTSA ni nani mwenyewe, na kama benki inalidai. Watu wamelipa fedha taslimu, kisha gari likachukuliwa mlangoni kwao.

Kisha ombeni kuliendesha. Msizunguke mtaani tu; pandeni nalo Kiboswa, madirisha wazi, na redio izimwe, hata kama muuzaji anapenda muziki.