MTAJI UNALIWA WAPI?
Maneno ya Kamati ya Mikopo siku ya kutimiza miaka kumi ya chama



Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa dakika chache tuseme juu ya hali halisi ya kuanzisha biashara yako mwenyewe. Mafanikio Katibu ameshayasoma kwenye risala, hatuyarudii. Sisi tunakaa upande wa pili wa meza, pale panapoandikwa marejesho, na mtu akikaa pale miaka kumi anaona mambo ambayo kwenye risala hayaandikwi. Miradi mingi ya wanachama imesimama. Mingine imekufa, na wenyewe mko hapa, hatutaji jina la mtu. Lakini tunasema hivi: ni mara chache biashara ya mama hufa kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mtaji umeliwa, na aliyeula si mwizi. Umeliwa nyumbani.

Tuchukue vitumbua, maana hapa Tanga nani hajui vitumbua. Tuseme mama ananunua mchele, nazi, sukari, mafuta, hamira na iliki, jumla Sh 22,000. Anapata vitumbua 150, anauza Sh 200 kimoja, hiyo ni Sh 30,000. Ukimuuliza faida atakwambia Sh 8,000 kwa siku, na hiyo ndiyo hesabu anayotuletea anapoomba mkopo. Haya, mkaa je? Sh 2,000. Maji ya kununua Sh 500. Nauli ya kwenda soko la Mgandini na kurudi Sh 1,000. Ushuru Sh 500. Na vile kumi walivyokula watoto kabla ya kwenda shule, na shemeji aliyepita kusalimia? Hivyo ni Sh 2,000 nyingine. Jumlisha: Sh 6,000 zimekwenda. Zimebaki Sh 2,000, na mama ameamka saa kumi alfajiri, ameinama kwenye moshi mpaka saa nne.

Hatusemi hivi kumvunja mtu moyo. Sh 2,000 ni faida, na iko njia ya kuikuza. Moto ule ule ukichemsha na chai, mkaa hauongezeki sana. Akina mama watatu wakiagiza nazi pamoja, nauli ni moja. Na mwezi wa Ramadhani, biashara ya asubuhi inapolala, mwenye kujipanga anahamia jioni, wakati wa futari. Ila huwezi kukuza kitu usichokijua, na anayedhani anapata Sh 8,000 atatumia kama mwenye Sh 8,000. Akichota Sh 5,000 ya mboga kwenye kopo la vitumbua, amekula faida ya siku mbili na nusu.

Sasa hapo ndipo tunapotaka akina baba watusikilize, na tunasema mkiwepo, si kwa kuwateta. Akina mama wengi wametuambia mezani, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kwamba kodi ya meza ilikatika siku ile walipoanza kuuza. Jumatatu mama ameweka meza barazani, Ijumaa baba ametoka bila kuacha kitu, "si una biashara?" Jamani, biashara ya wiki moja haiwezi kulisha watu saba. Ni sawa na kuchinja kuku anayeatamia. Baba hajakataza biashara, hata pengine anaisifu kwa wenzake, lakini anaimaliza kwa kukaa kimya tu asubuhi. Kwa maoni yetu sisi wa mikopo, jambo hili limeua miradi mingi kuliko ushindani na kuliko mvua za masika. Ndiyo maana siku hizi mwombaji tunamuuliza: mboga ya nyumbani itatoka wapi miezi mitatu ya kwanza? Wengine wanakasirika, wanaona tunaingilia ndoa za watu. Tutaendelea kuuliza.

Shauri letu ni makopo mawili. Kopo la mtaji halifunguliwi kwa ajili ya mboga, hata dagaa. Kopo la nyumba linapata kilichobaki baada ya hesabu ya jioni, kiwe kidogo kiwe kikubwa. Mama akiona kopo la nyumba tupu, aseme nyumbani kwamba ni tupu. Kunyamaza na kuhamisha kutoka kopo hili kwenda lile ndiko kunakoficha ugonjwa mpaka maiti inatoka.

Tuje kwenye mikopo ya mitaani, ile watu wanayoiita kausha damu. Chukua mama wetu yule yule wa vitumbua. Siku sita kwa Sh 2,000 ni Sh 12,000. Amekopa mahali rejesho ni Sh 20,000 kwa wiki, na linaanza wiki ya kwanza. Zile Sh 8,000 zinazopungua zitatoka wapi? Zinatoka kwenye mchele. Wiki ya tatu ananunua nusu, wiki ya nne anakopa kwingine alipe huku, na kabla hamjajua godoro limechukuliwa. Hapa chamani unakopa mara tatu ya hisa zako, wengine wanalalamika ni kidogo. Ni kidogo, kweli. Lakini riba yake inarudi sandukuni na mwisho wa mzunguko mnagawana wenyewe. Mtindo huu wa kuweka na kukopa wenyewe kwa wenyewe ulianzia kwa akina mama wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukapitia Zanzibar kabla ya kusambaa Bara. Haukuletwa na tajiri.

Ipo pia mikopo ya Halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Haina riba. Lakini deni lisilo na riba nalo ni deni, na linadaiwa kikundi kizima.

Juu ya kukopesha wateja tutasema kidogo, maana mnayajua. Jirani anayekula vitumbua vitano kila siku na kulipa mwisho wa mwezi amekukopa Sh 30,000, yaani zaidi ya mtaji wako wa siku nzima. Anayefiwa tutamsaidia kwa mfuko wa jamii. Hiyo ndiyo kazi yake, si kazi ya kopo lako.

La mwisho ni daftari, na hili lina fedha ndani yake. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Akifikia Sh 6,000,000 bila kumbukumbu, alipe Sh 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne, ambayo ni Sh 60,000. Daftari la shule limemwokolea Sh 40,000. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo ulizeni ofisi ya TRA vya mwaka huu kabla hamjapiga hesabu zenu. Na mama wa vitumbua asidhani hayamhusu: Sh 28,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mzima, imepita milioni nane.

Madaftari tumeyanunua kwa jumla, yako mezani kwa Mweka Hazina, bei ni ile ile tuliyonunulia. Alhamisi, kabla sanduku halijafunguliwa, tutakaa saa moja na kila anayetaka kuomba mkopo wa mradi mpya. Aje na kalamu, na orodha ya kila alichonunua wiki hii, pamoja na mkaa. Mwenye mume anayependa kuja, aje naye.