Waliosimulia Mguso Wakiwa Macho

Leo tunafuata historia ya mguso na umeme wa ubongoni. Vitabu huwasifu madaktari. Mimi nataka tuwakumbuke na waliolala kitandani, maana hakuna chombo kilichoweza kueleza umeme ule ulihisiwa vipi. Ilibidi mgonjwa mwenyewe aseme.

Mwaka 1874, mjini Cincinnati, Marekani, Mary Rafferty, mtumishi wa nyumbani, alikuwa na kidonda cha saratani kilichokula fuvu hadi ubongo ukaonekana. Daktari Roberts Bartholow alimchomeka sindano ubongoni, akapitisha umeme. Mary akasema anasikia mchonyoto mkononi na mguuni, upande wa pili wa mwili. Daktari akaongeza umeme. Mama wa watu akashikwa na degedege, akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafariki. Bartholow alilaumiwa vikali, na alistahili, kwani jaribio lile halikuwa tiba.

Mwaka 1909 Harvey Cushing, mpasuaji wa Baltimore, alieleza habari za wagonjwa wawili wa kifafa. Umeme ulipogusa mkunjo fulani wa ubongo, mkono haukutikisika, ila mgonjwa alisikia kitu mkononi.

Kisha tunafika Montreal, Kanada, kwa mpasuaji Wilder Penfield. Yeye alitafuta chanzo cha kifafa ili akikate bila kuharibu sehemu nzima. Ngozi ya kichwa ilitiwa ganzi, fuvu likafunguliwa, na mgonjwa akabaki macho akizungumza. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Penfield aligusa mahali pamoja baada ya pengine kwa umeme mdogo, mgonjwa akataja: kidole gumba, mdomo, ulimi. Palipojibu paliwekwa kikaratasi chenye namba, juu ya ubongo wenyewe, na maneno ya mgonjwa yakaandikwa kwa namba ile ile. Kwa vikaratasi hivyo Penfield na mwenzake Edwin Boldrey walitoa ramani yao mwaka 1937. Vidole na midomo vimechukua eneo kubwa, mgongo mzima umepewa kipande kidogo. Wengi walitaja ganzi au mchonyoto. Ni nadra mtu kusema ameguswa kama kawaida.

Ramani hiyo ndiyo iliyomfaa Nathan Copeland wa Pennsylvania. Ajali ya gari ya mwaka 2004 ilimvunja shingo, akapooza. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliwekewa vibati vidogo vya elektrodi ubongoni, viwili sehemu ya kuendesha mkono na viwili sehemu ya mguso. Mtafiti Robert Gaunt na wenzake walimfunga kitambaa machoni, wakagusa vidole vya mkono wa roboti uliounganishwa na elektrodi hizo, naye akataja ni kipi. Alipatia asilimia 84. Alisema anasikia kama vidole vyake vinabanwa, wakati mwingine mchonyoto.

Mwaka 2021 watafiti hao walichapisha jambo lililonigusa kuliko yote. Copeland alipouendesha mkono huo wa roboti kwa mawazo, kuokota na kuhamisha vitu, akitegemea macho tu, alitumia kwa kawaida sekunde 20.9. Mguso ulipowashwa ikawa 10.2. Muda aliouokoa ulikuwa hasa ule wa kushika: macho huona vidole vimefika kwenye kitu, lakini hayamwambii kama vimekikamata sawasawa.