Homa Irudiayo: Mgonjwa Aende kwa Nani?



Katika Kaunti ya Kakamega malaria ni nyingi. Mtu akishikwa na baridi na kuumwa kichwa husema upesi ni malaria, akaenda dukani kununua vidonge. Na mara nyingi hakosei. Lakini iko homa nyingine isiyojali vidonge hivyo, nayo yaweza kumpata yeyote asafiriye na kulala katika nyumba ngeni. Ni homa ya papasi.

Papasi si yule kupe wa ng'ombe ajulikanaye na kila mfugaji wa Shinyalu na Malava. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na mavumbi ya sakafu ya udongo. Usiku hutoka, akanyonya damu kwa muda mfupi, akarudi ufani kabla aliyeumwa hajaamka. Aweza kuishi miaka bila kula. Madaktari Ross na Milne waliichunguza homa hii Uganda mwaka 1904, na Dutton na Todd huko Kongo. Dutton aliambukizwa katika kazi hiyo, akafa Februari 1905.

Homa hii ina hila. Humchoma mgonjwa siku tatu hivi, kisha jasho humtoka, akapoa, akarudi shambani. Hapo aliyempa dawa, hata ikiwa ni hirizi, hupata sifa asiyostahili, maana homa ingalipoa hata bila yeye. Baada ya juma moja hivi hurudi, na yaweza kurudi tena na tena. Kwa hiyo neno la jirani kwamba "yule aliniponya" si ushahidi wa kutosha.

Basi daktari afaaye ni yupi? Si mwenye sindano nyingi. Ni yule atakaye tone la damu kabla ya kutoa dawa, akalipaka juu ya kioo na kulitazama kwa darubini. Kipimo cha haraka cha malaria hujibu swali moja tu, malaria ipo au haipo. Vijidudu vya homa ya papasi, vilivyosokoteka kama uzi, havionekani humo. Tena damu itolewe homa ikiwa imepanda. Mwili ukiisha poa, ni vigumu sana kuviona.

Daktari huyo huuliza pia: Ulilala wapi? Homa imekuja mara ngapi? Naye huikagua ngozi, kwa kuwa kupe wa mbwa na wa mifugo ana homa yake mwenyewe, ambayo mara nyingi huacha kigaga cheusi alipouma.

Dawa zipo, kama vile doksisaiklini. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa aweza kutetemeka na homa kupanda ghafula, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi. Haifai kabisa kuimeza peke yake nyumbani. Na awe mahali penye muuguzi. Mwanamke mja mzito asingoje homa ya pili, maana yaweza kuharibu mimba.

Mjini Kakamega iko hospitali kuu ya kaunti, yenye maabara. Kwa mwenye kliniki yake binafsi, mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni ya mwaka huu. Naye aende na karatasi iliyoandikwa siku homa ilipoanza, siku ilipopoa, na vidonge alivyokwisha kumeza.