Kwa Nini Gita la Pili

Wapendwa, sadaka ya leo ni ya gita la pili, na wengine wameniuliza: la kwanza lina kasoro gani? Halina. Ni Stratocaster, pikapu zake zina koili mojamoja; sauti ni nyembamba, inang'aa, tamu kwa solo. Ila jenereta ikiwaka, linavuma kushinda soprano (mnisamehe, akina mama). Tukinunua pacha wake, tutavuma mara mbili. Naomba tuchukue lenye pikapu za koili mbili, zinazofuta mvumo, na swichi ya kuzima koili moja. Litapiga ridhimu nzito, na likihitajika, solo. Hapa Masalani wapigaji wetu ni walimu na wauguzi. Uhamisho ukija, wanaondoka. Gita litabaki, nasi hatujui atakayelishika anapiga mtindo gani.