Protini za Damu na Lishe ya Aliyeungua Moto



Mgonjwa aliyeungua vibaya, awe ni mtoto wa Mwatate, huku kwetu Taita Taveta, aliyemwagikiwa uji jikoni au msafiri aliyeopolewa katika gari lililowaka barabara kuu ya Mombasa, huanza kula akiba ya mwili wake tangu siku za mwanzo, kwani protini inayohitajiwa ili ngozi iote upya na mwili upate kujikinga na maradhi hupindukia mno kadiri ya mtu mwenye afya. Ndiyo maana imetulazimu kujua mapema kama riziki tunayompa inamtosha. Mizani haitufai sana wakati huo, maana mgonjwa amejaa maji, ukimbonyeza mguu kidole huacha shimo, na bendeji zilizolowa zina uzito wake.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kupima albumini, protini ya damu, na ikionekana chini ya gramu 35 kwa lita hukumu hutoka papo hapo kwamba mgonjwa ana upungufu wa lishe. Kwa aliyeungua, hukumu hiyo naikataa. Mishipa midogo ya damu iliyodhurika huvujisha albumini, nyingine hutiririka pamoja na maji ya kidonda, na dripu tunazomtilia huizimua iliyosalia. Juu ya hayo ini, mwili ukiwa katika vita, hupunguza kuitengeneza na kushughulikia protini nyingine, mathalan ile iitwayo CRP, ambayo hupanda kwa kasi. Albumini basi hutueleza ukali wa maradhi, na hiyo ni habari yenye thamani, illa si habari ya sahani.

Prealbumini imesifiwa zaidi kwa kuwa nusu yake hutoweka katika damu kwa siku 2 au 3, ilhali ya albumini huchukua yapata siku 20. Lakini nayo pia hushuka kwa sababu zile zile. Jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa lishe ya hospitali, ASPEN, katika tamko lake lililochapwa 2021, ilikwisha kusema kwamba protini hizi mbili ni dalili za mwili kupambana na dhara, wala si vipimo vya lishe. Ikiwa tutapima, tupime prealbumini na CRP pamoja, mara moja kwa juma, tutazame mwendo wake: CRP ikishuka na prealbumini isipande, hapo pana sababu ya kuuliza mgonjwa anakula nini.

Na swali hilo, rai yangu, liulizwe kila siku. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua sana huhitaji gramu 90 hadi 120 za protini kwa siku. Yai moja lina yapata gramu 6, gilasi ya maziwa gramu 8. Bakuli la kimanga likirudi nusu, muuguzi aandike nusu, kwani jamaa waliolileta, kwa mapenzi yao, watasema amekula. Mtoto ahesabiwe kwa kadiri yake mwenyewe, na damu yake, ambayo ni kidogo, isitolewe ovyo. Asiyeifikia kadiri hiyo kwa mdomo, maadamu utumbo wake unafanya kazi, atiwe mpira wa kulishia puani mapema, pasipo kungoja majibu ya maabara.